Kitalu cha Mama Mkwe

Kinyua alipima shimo la kwanza kwa kidole cha kati, mpaka kiungo cha pili, kama alivyopima mashimo ya mahindi tangu utotoni. Akatia mbegu tatu za managu, yaani mnavu, au pengine zilikuwa kumi, maana zilikuwa ndogo kama chenga za mchanga na zilimganda kwenye jasho la vidole. Akaongeza mbolea ya DAP kiganja kizima, akafukia, akakanyaga kwa kisigino. Kisha akapiga hatua na kupima shimo la pili.

Mkewe Nekesa alikuwa amelala kwa ubavu kitandani, kichwa karibu na dirisha, akimtazama.

"Kinyua, unapanda ama unazika?"

"Napanda."

"Nauliza tu. Naona umekanyaga kama kaburi."

"Mahindi hukanyagwa hivi. Ndege wasifukue."

"Na hiyo si mahindi."

"Mbegu ni mbegu, bana."

Nekesa alikuwa mwalimu wa nasari aliyelelewa katika shule za bweni, na mboga alizijua zikiwa ndani ya sahani. Aliziita sucha, kama kwao Bungoma, mumewe akaziita managu, na tofauti yao ya maoni kuhusu mboga ilikuwa imeishia hapo hadi juzi yake, walipokwenda kliniki.

Sista Chesang, muuguzi wa kliniki ya wajawazito, alikuwa ametazama karatasi ya maabara, akamtazama Nekesa macho, akavuta kope la chini kwa kidole gumba. "Damu ni saba, iko chini sana," alisema. "Mtoto anakuja Julai mwanzoni. Nataka kumi kabla ya hapo. Mama akivuja damu na saba, mimi sina la kufanya. Vidonge unameza?"

"Natapika, Sista. Nikimeza kwa chai natapika. Nikimeza kwa sukuma natapika na sukuma."

"Ni nini kinakaa tumboni?"

Nekesa alifikiri. "Sucha. Na mrenda. Nilikula kwa jirani, ikakaa."

"Basi kula hiyo, kila siku, usingoje Jumapili. Halafu umeze kidonge juu yake. Na ulale, usishike jembe wala ndoo." Muuguzi akamgeukia Kinyua, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. "Wewe unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mkulima."

"Wa nini?"

"Mahindi."

"Na mke wako anakula nini?"

Kinyua alizungusha kofia mara mbili. Hakutaka kusema kwamba shamba alilokodi karibu na Moi's Bridge, ekari thelathini, mwenye shamba alilichukua baada ya vurugu za uchaguzi za Januari ile, na kwamba sasa alibeba magunia ya watu katika ghala moja mjini Kitale. Vitu pekee alivyotoka navyo shambani vilikuwa turubali kubwa la kuanikia mahindi na nusu gunia la DAP, mwaka huo wa 2008 ambao mbolea ilipanda bei hadi watu wakawa wanaingia dukani kuitazama tu na kutoka.

Ndiyo maana alipofika nyumbani alilima kile kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ya kupanga, hatua nne kwa tisa, akachora mistari kwa kamba, na kila shimo akalipa mbolea. Alipomaliza, gunia lilikuwa tupu. Alilikung'uta mara ya mwisho juu ya shimo la mwisho, akalikunja vizuri.

Kuku mweupe wa Nekesa alikuja, akafukua shimo moja, akatazama ndani, akaenda zake.

*

Wiki ya kwanza hakukuota kitu. Kinyua alisema mbegu inasikiliza mvua. Wiki ya pili mvua ilinyesha vizuri, na magugu yakaota. Wiki ya tatu ilitokea miche kumi na moja, ambayo Kinyua aliihesabu kila asubuhi kabla ya kwenda ghalani. Ilikuwa ya manjano, na ncha za majani zilikuwa zimekauka kama karatasi iliyopitishwa motoni. Jumapili ikabaki minne.

Nekesa hakuuliza. Alikuwa amezoea kuuliza kwa utani, na siku hizo utani ulimchosha. Akisimama aende chooni, alishika ukuta kwanza, akangoja.

Jumapili hiyo jioni Kinyua alichukua beseni la plastiki na kwenda kwenye ua wa miiba ya kayaba uliotenga plot yao na ya jirani, Rosaline. Mama huyo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, alikuwa na mboga zilizofika kiunoni. Wanawake watatu wa kanisa lake walikuwa wamemtembelea, wameketi kwenye mkeka.

"Mama, samahani. Nilikuwa naomba mboga kidogo ya mgonjwa."

Rosaline alisimama mara moja, lakini mmoja wa wageni aliuliza, bila ubaya, "Si huyu ndiye alikuwa na trakta kule Moi's Bridge?"

"Ya kukodi," Kinyua alisema.

"Na ameshindwa na sucha?"

Wakacheka, naye akajaribu kucheka nao. Rosaline alijaza beseni, akamsindikiza kwenye pengo la ua, akapunguza sauti. "Nitakupa kila siku, hiyo si shida. Lakini yangu inaanza kutoa maua, itaisha. Kwa nini usimwite mama yake Nekesa? Yule mama akitema mate chini panaota kitu."

"Haiwezekani," Kinyua alisema. "Ni mama mkwe wangu."

Rosaline, aliyekuwa Mbukusu mwenyewe, alielewa. Kwao mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, na mama mkwe hawezi kula wala kulala katika nyumba ya binti yake. Kinyua alikuwa amemwoa Nekesa kwa miaka miwili sasa, na siku ya mahari mama huyo alikaa jikoni kutoka asubuhi mpaka wageni walipoondoka. Alichowahi kumwona ni mgongo, na leso ya kijani, ikipotea nyuma ya ghala.

"Haiwezekani kwako," Rosaline alisema. "Kwangu inawezekana. Atalala hapa."

*

Mama Walubengo, kama alivyoitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, alifika Jumanne akiwa na begi moja na vifundo sita vya kitambaa vyenye mbegu. Kinyua aliporudi kutoka kazini alimkuta Nekesa ameketi kitandani, amesukwa nywele, anatafuna kitu.

"Amekuja?"

"Yuko upande ule. Alikuja hapa mchana, ukiwa kazini." Akashusha sauti. "Ameona shamba."

"Akasema nini?"

Nekesa hakuwahi kujibu, kwa sababu sauti ilitoka ndani ya kayaba, kutoka upande wa Rosaline, ya mtu aliyeketi chini na kuupa ua mgongo.

"Nekesa."

"Naam, Mayi." Ndivyo Wabukusu wanavyomwita mama.

"Nani aliipa hii mboga sumu?"

Kinyua alitoka nje, akasimama wima katikati ya mistari yake. Nekesa alimtazama, kisha akatazama ua. "Si sumu, Mayi. Ni mbolea. DAP."

"Kiasi gani?"

"Nusu gunia."

Upande ule mtu alikohoa kama anayezuia kicheko.

"Mwambie aliyeweka kwamba amewapa watoto wachanga nyama choma."

"Amesikia, Mayi."

"Ilikuwa imebaki ngapi?"

"Hiyo tu."

"Hiyo tu, na mwaka huu?"

"Ndio, Mayi."

Sauti iliporudi ilikuwa imeshuka, nayo haikuwa na mzaha tena. "Sawa. Hapo paachwe mvua ipaoshe. Tutaanza pale kando ya ukuta. Mwambie kesho akitoka kazini anioneshe kama anajua kuchekecha mchanga."

Kesho yake somo lilianza. Nekesa alikuwa dirishani, Kinyua shambani, mama nyuma ya ua, na maneno yalipita kwa Nekesa hata yasipohitaji kupita, kwa maana kila mtu alisikia kila kitu.

"Mwambie upana wa kitalu usizidi mikono miwili, akichuchumaa huku afike katikati, na akichuchumaa kule afike katikati. Hakuna mtu kukanyaga ndani."

"Kinyua, usikanyage ndani."

"Nimesikia."

"Mwambie ile samadi ya Rosaline ya mbele ni mbichi. Achukue ya nyuma, iliyo nyeusi, haina harufu. Akiisikia harufu, arudishe."

Kinyua alinusa samadi mbele ya mkewe, akarudisha, akachota nyingine, akanusa tena. Nekesa alificha uso kwenye mto, mabega yakimtikisika.

"Sasa mbegu. Achanganye na majivu, kijiko kimoja cha mbegu kwa vijiko vitano vya majivu. Hivyo ataona mahali amepitisha, na hatamwaga zote mahali pamoja. Achore mstari kwa ncha ya kijiti. Kwa ncha, nimesema. Asitumie kidole."

"Kina gani?" Kinyua aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe.

"Anauliza kina gani, Mayi."

"Hakuna kina. Mbegu ile haina nguvu ya kusukuma udongo. Aiweke, halafu anyunyize udongo juu yake kama chumvi kwenye mboga. Kama chumvi tu. Ikizidi, imeharibika."

Kinyua alichukua udongo kwa vidole vitatu. Mkono uliobeba magunia ya kilo tisini kutwa nzima sasa ulikuwa ukipima udongo punje kwa punje. Alinyunyiza, akasita, akanyunyiza. Ilimchukua hadi kiza kuanza kuingia kumaliza mistari sita, na katika muda huo wote ule upande wa pili haukumharakisha hata mara moja.

Asubuhi alipotoka kuoga alikuta kitalu kimefunikwa nyasi kavu. Juu ya jiwe palikuwa na kopo la mafuta lililotobolewa matundu kwa msumari, na kijiti kimelazwa upande wa mashariki, ambako kivuli huangukia jioni. Nekesa alimfasiria: maji jioni, kwa kopo, nyasi ziondolewe siku ya kwanza utakapoona kijani.

"Alikuja saa ngapi?"

"Ulipokuwa unaoga."

Ndivyo walivyoishi. Akikohoa mama langoni, Kinyua alitoka kwa mlango wa nyuma. Akirudi Kinyua kazini, alipiga mluzi kona ya barabara, na mama akapita pengo la ua. Walipeana kipande kile cha ardhi kama watu wanaotumia koti moja kwa zamu. Siku ya sita Kinyua aliinua nyasi, akakuta mistari sita ya kijani, myembamba kama uzi. Hakumwita mtu. Alichuchumaa pale akiwa bado na vumbi la mahindi kwenye nyusi, hadi Nekesa alipouliza kama ameumwa na kitu.

*

Pale ghalani, Kiptanui, aliyebeba naye magunia na aliyependa kumchokoza, alipata habari.

"Nasikia siku hizi una shamba."

"Ndio."

"Ekari ngapi?"

"Hatua nne kwa mbili."

Kiptanui aliweka gunia chini ili acheke vizuri. "Na meneja ni nani?"

"Mama mkwe."

"Anakulipa?"

"Bado ananifundisha."

Kinyua hakukasirika. Kama ingekuwa Machi, angekasirika. Sasa alikuwa akifikiria mrenda, ambao mama alisema mbegu zake zimwagiwe kwanza maji ya moto kwa sababu zina usingizi mzito, na kunde, ambazo zilikubali kupandwa kwa kidole, heshima yake ikarudi kidogo.

Lakini damu ya Nekesa haikungoja mboga. Wiki ya pili ya Mei, akitoka chooni, mkono ulikosa ukuta. Rosaline alimkuta ameanguka karibu na kitalu, kuku mweupe akimzunguka. Walimpeleka hospitali. Daktari alisema amechubuka tu, mtoto yuko salama, lakini damu ni saba bado na hatarudi nyumbani mpaka ibadilike.

Jioni hiyo Kinyua alirudi kwenye plot yenye dirisha tupu. Alimwagilia kwa kopo. Upande wa pili wa ua alisikia mama akiketi, gongo la mti likigusa ardhi. Hakukuwa na mtu wa kuambiwa kitu.

"Wewe kuku," sauti ilisema mwishowe.

Kuku mweupe, aliyekuwa akijipangusa mdomo kwenye jiwe, aliinua kichwa.

"Mwambie mwenye nyumba kwamba binti yangu amekula leo, nusu sahani. Mboga ya Rosaline. Kidonge kimekaa."

Kinyua alishusha kopo chini. Alifikiri jinsi ya kujibu bila kukosa adabu. Kisha naye akamtazama kuku.

"Mwambie mama asante. Mwambie pia mboga ya Rosaline imebaki ya siku tatu."

"Mwambie najua," sauti ilisema. "Hii yake inataka siku kumi na nne. Hapo katikati nitaomba kwa watu wa kanisa. Yeye aiangalie tu isidhurike."

*

Siku tisa baadaye, saa tisa alasiri, wingu lilishuka kutoka upande wa Mlima Elgon, jeupe chini na la zambarau juu. Kila mtu wa Kitale analijua wingu la namna hiyo, kwamba ni la mvua ya mawe. Kinyua alitua gunia lililokuwa begani.

"Unaenda wapi bana?" Kiptanui aliuliza. "Umeanika nini?"

"Mboga."

Kiptanui alifungua mdomo atanie, akaona uso wake, akasema, "Kimbia. Nitasema umeenda msalani."

Alikimbia kilomita mbili. Punje ya kwanza ya barafu ilimpiga sikio alipofika kona, na hakukumbuka kupiga mluzi. Alivuta turubali kutoka chini ya kitanda, lile la mahindi, akatoka nalo mlango wa nyuma mbiombio, akalitandaza hewani juu ya kitalu. Upepo ukalinyakua upande wa pili. Alilishika pembe mbili, pembe nyingine mbili zikapiga ukuta, zikarudi, zikawa zinachapa miche yenyewe aliyokuja kuiokoa.

Kisha zikatulia. Mtu alikuwa ameshika.

Kinyua aliinamisha kichwa haraka, akatazama chini. Aliona ndara za kijani za plastiki na miguu midogo yenye udongo kwenye nyufa za visigino. Mama Walubengo alikuwa ametoka hospitali muda si mrefu. Naye aligeuza uso, akavuta leso kwa meno ikamfunika mpaka puani. Wakasimama hivyo, kila mmoja ameshika pembe mbili, kila mmoja amempa mwenzake bega, na mvua ya mawe ikawashukia.

Iliwapiga vichwa, mabega, na vifundo vya vidole. Turubali lililia kama debe la kokoto. Hakuna aliyeachia. Kinyua alikuwa mtu mrefu na upande wake ulikuwa juu, hivyo barafu ikaanza kukusanyika katikati na kulemea.

"Wewe mvua," mama alisema kwa nguvu, akiikabili mbingu, "mwambie mwenye shamba ashushe upande wake, imwagike kwa ukuta."

Kinyua alishusha. Barafu ikamiminika.

"Mwambie asante," alisema Kinyua, naye akiwa ameikabili mbingu.

"Mwambie apinde magoti. Mgongo utamuuma."

Alipinda magoti. Walikaa hivyo robo saa, na katika robo saa hiyo Kinyua, ambaye katika miezi mitano alikuwa amepoteza shamba na jina la mkulima, alihisi kwamba hakuna mtu aliyewahi kusimama naye kwa namna hii. Aliona vidole vya mama, vyekundu kwa baridi, vimeng'ang'ania pembe ya turubali. Alitamani kumwambia aende ndani, ataweza peke yake. Lakini asingeweza peke yake, na wote wawili walilijua hilo.

Mvua ilipokatika, mboga za Rosaline, zilizokuwa zimebaki mashina na maua, zilikuwa zimelala chini, zimechanika kama matambara. Walishusha turubali taratibu. Mama akaondoka kwanza. Kinyua alibaki ameangalia ukuta mpaka aliposikia ndara zimepita pengo la ua, ndipo akageuka akatazama. Mistari sita ilikuwa imesimama.

*

Siku ya kuchuma ilikuwa Jumamosi, wiki ya kwanza ya Juni. Sucha zilikuwa zimefika gotini, na Kinyua alichuchumaa mbele yake na beseni, asiweze kuanza.

"Wewe kuku," sauti ilisema. "Mbona simsikii akivunja?"

"Mwambie mama nimeambiwa nikate kichwa. Mahindi ukiyakata kichwa yamekwisha."

"Hii si mahindi." Ilikuwa mara ya kwanza asikie ndani ya sauti hiyo kicheko cha Nekesa, kilekile. "Mwambie avunje pale juu, kwa kucha, vidole vinne kutoka ncha. Asipoivunja itarefuka na kutoa maua, basi. Akiivunja itatoa mikono miwili. Akivunja mikono, itatoa minne. Ataichoka mwenyewe."

Kinyua alifumba jicho moja, akavunja. Kilitoa sauti ndogo, pwe. Akavunja cha pili. Beseni lilipojaa alibakiza mmea mmoja wa pembeni, mnene kuliko yote, ambao mtu alikuwa ameufunga uzi mwekundu. Hakujua ni wa nini. Hakuugusa.

Aliweka beseni kwenye pengo la ua, akaondoka. Mama alizipika jikoni kwa Rosaline, kwa munyu uliochujwa kutoka majivu ya maganda ya maharagwe, zikalala na maziwa usiku mmoja, asubuhi akazipeleka wodini. Alifanya hivyo siku baada ya siku. Naye hakuonja, kwa sababu zilikuwa mboga za nyumba ya mkwe wake. Rosaline ndiye aliyeonja chumvi.

Sista Chesang alipita wodini wiki ya tatu ya Juni na karatasi mpya. Kinyua alikuwa hapo, maana ilikuwa zamu yake, mama akiwa amekwenda kukaa kivulini mwa jengo lingine.

"Tisa nukta sita," alisema. Akavuta kope la Nekesa, akaridhika. "Kidonge kinakaa?"

"Kinakaa, Sista. Juu ya sucha."

"Mnanunua wapi? Huko sokoni mvua imemaliza zote."

"Ni za nyumbani," Nekesa alisema. "Huyu ndiye amepanda."

Muuguzi alimtazama yule mtu wa kofia. Kinyua alingoja aulizwe tena ni mkulima wa nini. Hakuulizwa. "Basi msiache," alisema Sista Chesang, akaenda kitanda kingine.

Mtoto, msichana, alizaliwa tarehe nne Julai. Damu siku hiyo ilikuwa kumi nukta mbili. Nekesa alivuja kiasi, wakamtazama kwa wasiwasi saa nzima, kisha ikakoma yenyewe.

*

Mama Walubengo alikaa mpaka kitovu kikadondoka, akasema mahindi yake kule Bungoma yanamtaka. Kinyua aliuliza atamshukuru vipi. Nekesa, akimnyonyesha mtoto, alimwambia ampe kitu asichoweza kukila hapa. Asubuhi ya kuondoka, mama alikuta kwenye pengo la ua fungu kubwa la sucha na mrenda, limefungwa kwa majani ya mgomba na kulowanishwa maji. Alilibeba kichwani mpaka stendi. Alikula jioni ile, nyumbani kwake, kwa chungu chake. Rosaline ndiye aliyeleta habari kwamba alimaliza zote bila kumwita jirani.

Ule mmea wa uzi mwekundu ulitoa maua, kisha matunda madogo meusi. Agosti, Nekesa alimsomea mumewe maagizo yaliyoachwa: achume yakiwa laini, ayakamue ndani ya maji, mbegu nzuri itazama, mbovu itaelea. Aikaushe kwenye majivu, kivulini. Alifanya yote. Zilitoka mbegu za kujaza kiganja. Nusu alizifunga katika kifundo cha kitambaa, akampa mtu wa kanisa la Rosaline aliyekuwa akielekea Bungoma.

Wiki moja baadaye simu ya Nekesa ililia. Kinyua alikuwa nyuma ya nyumba akimwagilia kitalu cha tatu, pale palipokuwa na DAP, ambapo mvua ilikuwa imepaosha. Nekesa alitoka na mtoto begani, akafungua sauti ili wote wasikie.

"Nekesa," ilisema simu. "Mbegu zimefika."

"Ndio, Mayi."

"Ni safi. Lakini sijui jinsi ya kuzipanda. Hebu muulize mwenye mbegu. Nizike mpaka kiungo cha pili?"

Nekesa aliuma mdomo, akamnyooshea mumewe simu.

Kinyua alifuta mikono kwenye suruali. Akaitazama simu, kisha, polepole, kwa adabu yote, akaipa mgongo. Kuku mweupe alikuwa amesimama ukingoni mwa kitalu, mguu mmoja juu.

"Wewe kuku," alisema Kinyua, kwa sauti ya kufika Bungoma. "Mwambie mama ni juu juu tu. Kama chumvi."